Kaboni ya milima ya Kivu: setelaiti inaona nini, na kamba ya kupimia inasahihisha nini?

Kwa miaka mingi, jedwali la wataalamu wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa (GIEC) lilikuwa linasema kwamba hekta moja ya msitu wa milima ya Afrika inabeba kama tani 89 za kaboni. Mwaka 2021, watafiti waliopima miti kwa mkono katika inchi 12, RDC ikiwa ndani, walipata wastani wa tani 149. Msitu ulikuwa ule ule. Tofauti ililetwa na watu waliopanda mlima wakiwa na kamba ya kupimia.

Hesabu hiyo ina uzito kuliko zamani. Kinshasa inataka kulipwa kwa ajili ya misitu yake. Makampuni ya kaboni yanatembelea vijiji. Wanunuzi wa kakao wanaomba alama za GPS za kila shamba. Na tangu mwaka 2025 kuna setelaiti mpya angani yenye kazi moja: kupima uzito wa misitu ya dunia. Siku moja wakaaji wa Walikale, Mwenga, Lubero, Shabunda ao Mambasa watasomewa matokeo yake, na mara nyingi mtu wa kuwasomea atakuwa ametoka mbali. Inafaa wajue mbele ya siku hiyo hesabu inatengenezwa namna gani, na ni mahali gani inaweza kukosea.

Hakuna setelaiti yenye kuona kaboni

Kaboni iko ndani ya mbao, majani na mizizi. Kwa kujua uzito wake sawasawa, mtu angepashwa kukata mti, kuukausha na kuutia kwenye mizani. Kazi hiyo ilifanywa kweli: watafiti wamekusanya vipimo vya miti zaidi ya 4,000 ya inchi za joto, iliyokatwa na kupimwa uzito mmoja mmoja. Kutoka kwenye miti hiyo walitoa kanuni yenye kutumiwa leo bila kukata chochote. Unapima unene wa mti kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka chini, unakadiria urefu wake, na unatafuta aina yake kwa kujua uzito wa mbao.

Aina ya mti ni jambo kubwa. Parasolier inakua mbio kwenye shamba lililoachwa, na baada ya miaka michache inaonekana kama msitu, lakini mbao yake ni nyepesi sana. Libuyu ya unene ule ule inaweza kuwa na uzito wa mara mbili na zaidi. Kutoka angani, yote mbili ni majani ya kijani.

Uzito wa mti mukavu ukijulikana, karibu nusu yake ni kaboni; GIEC inatumia 47 kwa mia. Kisha, tani moja ya kaboni ikiungua inatoa tani 3.67 za hewa ya ukaa (CO2), na tani za CO2 njo zenye kuuzwa kwenye soko.

Setelaiti inaingia wapi? Yenyewe inapima mwanga wenye kurudi kutoka kwenye majani, ao mawimbi ya rada, ao muda wenye leza inatumia kushuka na kupanda. Baadaye kompyuta inafundishwa: mahali hapa watu walipima miti wakapata tani fulani, na setelaiti iliona hivi, kwa hiyo kila mahali setelaiti inapoona hivi, andika tani zile. Ramani nzima ya inchi inasimama juu ya vipande vichache vya msitu vilivyopimwa na watu wenye kutembea kwa miguu. Kama vipande hivyo viko mbali, ni sawa na kuonja sombe ya jirani kisha kusema chumvi ya chungu chako.

Macho ya aina tatu

Jicho la kwanza ni la picha za kawaida. Setelaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni za bure kwa kila mtu. Alama moja ya Landsat inafunika meta 30 kwa 30. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, zinaona alama za meta 10. Hizi njo zenye kumbukumbu ndefu. Kwa mfano, kambi za wakimbizi zilizojengwa karibu na Goma kuanzia 1994 ziliacha alama ndani ya mbuga ya Virunga, na alama hiyo bado iko kwenye picha za wakati ule. Adui wa jicho hili ni mawingu. Yeyote anayejua anga ya Walikale ao ya Itombwe anaelewa juu ya nini wiki nyingi zinapita bila picha moja safi.

Jicho la pili ni rada. Rada inapita ndani ya mawingu na inafanya kazi usiku na mchana. Sentinel-1, iliyorushwa 2014, inatumia mawimbi mafupi ya sentimeta kama 5.6. Mawimbi hayo yanagonga majani na matawi madogo ya juu, kisha yanarudi. Ni mazuri kwa kuona mahali muti ulikuwa jana na leo haupo. Maonyo ya ukataji yenye kutoka kwenye rada hiyo yanafunika Bonde la Congo tangu data za 2019. Lakini kwa kupima uzito yana shida: msitu ukishakuwa mzito, rada inaona ukuta wa majani, na haiwezi kusema kama nyuma ya ukuta kuna tani 150 ao 350.

Jicho la tatu ni leza. Chombo kinachoitwa GEDI, kilichopelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga mwishoni mwa 2018, kinatuma mwanga wenye kupenya kati ya majani hadi chini, na kinapima urefu wa miti kwenye viduara vya meta kama 25. Kinapima vizuri, ila hakifuniki ardhi yote; kinachoma vitone vitone kama sindano kwenye kitambaa.

Sasa kuna Biomass. Ilirushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 29 Aprili 2025 kutoka Kourou, Guyane ya Ufaransa. Ni setelaiti ya kwanza yenye kubeba rada ya mawimbi marefu ya sentimeta kama 70, pamoja na antena ya meta 12 yenye kufunguka angani kama mwavuli. Mawimbi ya urefu huo hayajali majani. Yanashuka hadi kwenye matawi makubwa na shina, mahali ambapo uzito wa mti unakaa. Mbele ya kuijenga, watafiti walijaribu rada ya namna hiyo kwa ndege juu ya misitu ya Gabon katika miaka 2015 na 2016. Kazi yake imepangwa kwa miaka mitano, ili ramani ya mwaka mmoja ilinganishwe na ya mwaka unaofuata.

Mipaka yake lazima ijulikane pia. Ramani ya uzito wa miti itatolewa kwa vipande vya meta 200 kwa 200, ni kusema hekta nne. Ramani ya mahali palipokatwa itakuwa ya meta 50. Familia nyingi za mashariki zinalima chini ya hekta nne. Basi setelaiti hii haikutengenezwa kwa kumfuata mkulima mmoja na panga lake, na mtu yeyote atakayekuja kijijini kusema kwamba imeona shamba la fulani likikula msitu, atakuwa anaisemesha jambo lenye haisemi.

Juu ya nini milima inasumbua

Misitu ya mashariki inapanda na kushuka. Kahuzi, Itombwe, Mitumba, Ruwenzori: sehemu hizo si sawa na bonde la Tshopo. Rada inaangalia upande upande. Mteremko wenye kuielekea unang'aa kuliko kawaida, na mteremko wa nyuma unabaki kivulini. Wataalamu wana njia za kusahihisha, lakini kila sahihisho linaacha nafasi ya kosa.

Halafu kuna wazo lililokaa vichwani kwa muda mrefu: mlimani kuna baridi, miti ni mifupi, kwa hiyo kaboni ni kidogo. Jedwali la tani 89 liliendana na wazo hilo. Utafiti wa 2021, uliotoka katika jarida la Nature na kuongozwa na Aida Cuni-Sanchez, ulikusanya vipimo vya miti 72,336 kwenye sehemu 44 za milima ya Afrika. Ulihusisha watafiti wa eneo hili, akiwemo Gérard Imani wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB). Wastani wa tani 149 unazidi ule wa jedwali kwa karibu theluthi mbili. Miti ya milimani kweli ni mifupi kidogo, lakini minene ni mingi.

Kwa mtu wa kawaida, tofauti hiyo ni nini? Tani 89 za kaboni zikiungua zinatoa kama tani 327 za CO2. Tani 149 zinatoa kama tani 547. Kwa hekta moja tu, kuna tani 220 za CO2 ambazo hazikuonekana kwenye karatasi. Jamii yenye kulinda msitu wa milima ingelipwa kama vile inalinda kitu kidogo kuliko kile iko nacho mkononi. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: msitu huo ukikatwa, madhara pia ni makubwa kuliko ilivyodhaniwa. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba tangu 2000 Afrika imepoteza kama hekta 800,000 za misitu ya milima, na RDC iko kati ya inchi zilizopoteza zaidi.

Kupima mara moja hakutoshi. Mwaka 2020, Wannes Hubau na wenzake walitoa matokeo ya vipande 244 vya msitu wa Afrika vilivyopimwa na kupimwa tena kwa miaka mingi. Walipata kwamba misitu yenye haijaguswa ilikuwa inameza kila mwaka kama tani 0.66 za kaboni kwa hekta, na kwamba nguvu hiyo ilianza kupungua karibu na mwaka 2010. Ongezeko la namna hiyo ni chini ya nusu kwa mia kwa mwaka. Kosa la ramani ya setelaiti kwa hekta moja ni kubwa kuliko hapo. Ni mtu anayerudi kwenye mti ule ule, wenye alama ile ile, na kamba ile ile, njo anayeweza kuliona. Yangambi, katika jimbo la Tshopo, kuna pia mnara wa meta 55 wenye kupima hewa inayoingia na kutoka juu ya msitu. Ni wa kwanza wa namna yake katika Bonde la Congo.

Hapo mashariki inakuwa na shida yake ya pekee. Kurudi kwenye mti ule ule kila miaka michache kunaomba njia yenye kupitika. Vita imefunga njia nyingi: vikundi vya silaha porini, mashambulizi ya ADF upande wa Beni na Ituri, na vita ya M23 iliyofika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Setelaiti inapita juu ya vita bila kuomba ruhusa, lakini mwanafunzi wa chuo kikuu na kamba yake hawezi. Mahali ambapo ni vigumu zaidi kupima chini, njo mahali ramani itategemea zaidi miti ya kwengine.

Inaona kukatwa, haioni sababu

Takwimu za Chuo Kikuu cha Maryland, zenye kutolewa kwenye Global Forest Watch, zinaonyesha kwamba kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024 RDC ilipoteza zaidi ya hekta nusu milioni za msitu wa asili. Mwaka 2024 zilikaribia hekta 590,000. Ni hasara kubwa, na hakuna haja ya kuipunguza.

Nani alikata? Uchunguzi wa picha za miaka 2000 hadi 2014, uliotoka mwaka 2018, ulikadiria kwamba 84 kwa mia ya misitu iliyoguswa katika Bonde la Congo ilisafishwa na wakulima wadogo, kwa mkono, bila mashine. Namba hiyo imezunguka sana katika mikutano. Inasomwa haraka hivi: mkulima maskini njo adui wa msitu.

Picha ya setelaiti haiwezi kueleza juu ya nini mkulima huyo aliingia porini mwaka ule na si mwaka mwengine. Haioni familia iliyokimbia Masisi ikaacha shamba lake la zamani na kufungua jipya mahali pa kujificha. Haioni mama wa Goma mwenye kununua gunia la makala kwa sababu umeme haujafika kwake, ao umefika na haulipiki. Haioni kizuizi ambapo mtu wa bunduki anatoza kila gunia lenye kutoka upande wa Virunga. Inaona kidoti cha rangi ya waridi kwenye ramani, basi.

Kuna shida nyingine ya hesabu yenyewe. Ramani ya kila mwaka ya upotevu inaandika kukatwa peke yake. Hairudi nyuma kufuta pale msitu unapoota tena. Inafanana na daftari la duka lenye kuandika matumizi bila mapato. Kwa kilimo cha kuhamahama, ambapo udongo unalimwa miaka miwili ao mitatu kisha unapumzika, jambo hili ni zito. Kukata kunafanyika kwa wiki moja na kunaonekana mara moja. Kuota tena kunachukua miaka 10 ao 20, polepole, na setelaiti za picha zinapotea njia hapo: kichaka cha miaka mitano na msitu wa miaka 40 vinaweza kuwa na kijani kilekile. Mawimbi marefu ya Biomass yanaweza kusaidia kwenye sehemu hii, kwa sababu yanatofautisha shina jembamba na shina nene. Wakulima wenye kulalisha udongo muda mrefu wataweza kupata haki yao kwenye hesabu. Wale wenye kurudi haraka mno, bila kuacha kichaka kipate nguvu, wataonekana pia.

Kakao ya Beni na Mambasa mbele ya picha

Mahali ambapo jambo hili linagusa mfuko haraka zaidi si kaboni, ni kakao na kahawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuingiza kwenye soko lake kakao, kahawa, mbao na bidhaa nyingine zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila wanunuzi wakubwa wameanza kujitayarisha. Kila shamba linapashwa kuwa na alama ya mahali lilipo. Shamba la zaidi ya hekta nne linaomba mpaka wake wote uchorwe. Lenye kuwa chini ya hapo linaweza kutosha na alama moja ya GPS. Alama hiyo inalinganishwa na picha za setelaiti.

Sasa, kakao ya Beni, Mambasa na sehemu za Irumu mara nyingi inakaa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kutoka angani, shamba la kakao la miaka 25 linaweza kufanana na msitu. Mwenye shamba akikata miti ya zamani mwaka 2022 ili kupanda upya, picha inaweza kumwandika kama mtu aliyekata msitu baada ya tarehe iliyokatazwa. Sheria yenyewe inasema kwamba shamba la mazao chini ya miti si msitu, na Tume ya Ulaya imesema wazi kwamba ramani yake ya misitu ya mwaka 2020 haina nguvu ya sheria. Lakini mkulima lazima awe na cha kuonyesha: karatasi ya zamani ya koperative, ushahidi wa chifu wa kijiji, picha ya simu yenye tarehe, risiti za mauzo ya mbele ya 2021.

Hata neno msitu halina maana moja. RDC imechagua kuita msitu eneo la angalau nusu hekta, lenye miti ya kimo cha meta 3 na zaidi, yenye kufunika 30 kwa mia ya ardhi. Ulaya inafuata FAO: nusu hekta, meta 5, na 10 kwa mia tu. Kwa hiyo pori la miti michache, lenye kufunika 15 kwa mia, linaweza kuwa si msitu kwa Kinshasa na kuwa msitu kwa Brussels, ingawa picha ni moja.

Feza za kaboni: kulinganisha na nini?

Novemba 2021, katika mkutano wa Glasgow, RDC na CAFI, mfuko wa inchi tajiri kwa ajili ya misitu ya Afrika ya Kati, walisaini mapatano ya dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza. Januari 2025, Rais Félix Tshisekedi alitangaza huko Davos mpango wa Couloir Vert, ukanda wa zaidi ya kilometa za mraba 500,000 kutoka Kivu hadi Kinshasa. Pembeni ya mipango ya serikali, kuna miradi ya watu binafsi yenye kuuza tani za CO2 kwa makampuni ya ng'ambo.

Watu wengi wanafikiri soko linalipa kaboni yenye kuwa ndani ya msitu. Kawaida halifanyi hivyo. Linalipa tofauti kati ya msitu uliokatwa kweli na msitu ambao ungekatwa kama mradi haungekuwepo. Sehemu ya kwanza inaonekana kwa setelaiti. Sehemu ya pili haionekani kwa chombo chochote. Inakadiriwa na watu kwenye meza. Ukiandika kwamba bila mradi msitu wote ungeisha, utauza tani nyingi hata kama hakuna kilichobadilika chini. Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2023 ulichunguza miradi 26 katika inchi sita, kati yake RDC na Tanzania. Ulipata kwamba mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi ilichodai.

Basi usahihi wa rada hauponyi kila kitu. Mradi unaweza kuwa na picha nzuri kabisa na hesabu mbovu. Na vijiji vinaweza kupoteza mara mbili: kwanza wanakatazwa kulima kwa ajili ya kaboni, kisha kaboni yenyewe inakosa bei kwa sababu wanunuzi wameacha kuiamini.

Maswali ya kuuliza mbele ya kusaini

Sheria inawapa wakaaji mahali pa kusimama. Agizo namba 14/018 la tarehe 2 Agosti 2014 linaruhusu jamii kupata msitu wake kisheria, hadi hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa muda, kwa hati yenye kutolewa na gavana wa jimbo. Jamii yenye hati hiyo inazungumza na mradi wa kaboni kama mwenye nyumba. Isiyo nayo inazungumza kama mpangaji. Mbele ya kutia sahihi, kuna maswali matano yenye hayahitaji kisomo kikubwa.

La kwanza: miti gani ilipimwa kwa mkono, wapi, na mwaka gani? Jibu likiwa ni Gabon ao Mai-Ndombe kwa msitu wa Itombwe, mradi upime kwanza hapa.

La pili: nani wa kijiji alishiriki katika kupima, na daftari la vipimo linabaki wapi? Kupima unene wa mti kwenye meta 1.3 si siri ya wazungu. Kijana aliyemaliza shule anajifunza kwa siku chache, na mzee mwenye kujua majina ya miti anamsaidia kuliko kitabu.

La tatu: mmelinganisha na nini? Waonyeshe kwa namba wanadhani ni hekta ngapi zingekatwa kila mwaka, na wameitoa wapi.

La ine: mashamba yenye kupumzika yameandikwa kama nini kwenye ramani yenu? Yakiitwa msitu, kesho kurudi kulima kutaitwa kosa.

La tano: kukitokea vita, moto ao wakimbizi, nani anabeba hasara?

Picha pia si mali ya makampuni peke yake. Global Forest Watch iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na programu ya simu ya Forest Watcher inatumika porini bila mtandao kama ramani zimeshapakuliwa mjini. Kinshasa kuna DIAF, idara ya wizara yenye kusimamia hesabu za misitu, na OSFAC, shirika lenye kusoma picha za setelaiti kwa ajili ya Afrika ya Kati. Mashirika ya raia yanaweza kuomba ramani ya eneo lao na kuipeleka kijijini, ili watu waweke kidole na kusema: hapa ni shamba la babu, hapa ni mahali kijiji kilihamia mwaka wa vita, hapa kweli tulikata.

Maneno hayo yakiandikwa pembeni ya ramani, yakiwa na tarehe na alama ya GPS, yanakuwa kipimo kama vipimo vingine. Biomass itaendelea kupita juu ya Kivu kwa miaka kadhaa ijayo, na ramani zake zitahitaji kujaribiwa na miti iliyopimwa kweli. Kila hekta ya Kivu yenye kupimwa sasa, na watu wa Kivu, ni hekta moja ambayo haitakadiriwa kwa miti ya inchi nyingine.